Maswali ya wasomaji: Kusoma habari za majoka ni kukimbia?

*Tangu baba yake afariki, binti yangu wa miaka 13 hashiki kitabu kisicho na joka au mchawi. Naona anaukimbia msiba. Nimfichie vitabu? (Mama, Tanga)*

Pole sana mama, wewe na mwanao. Usimfichie. Hata kama anakimbia, kukimbia kuko kwa namna nyingi. J.R.R. Tolkien, mwandishi Mwingereza wa hadithi za majoka na wachawi, aliyekuwa vitani Somme, Ufaransa, mwaka 1916, aliligusa jambo hili katika mhadhara wa 1939 kuhusu ngano. Alisema watu huchanganya mfungwa anayetoroka gerezani na askari anayetoroka vitani. Mfungwa akiwaza yaliyo nje ya kuta, nani atamlaumu?

Halafu vifungue vitabu vyenyewe. Utashangaa mayatima walivyojaa humo. Huenda binti yako hajaukimbia msiba hata kidogo. Anautazama kwa mbali, mahali ambapo aliyefiwa anapewa upanga na safari badala ya kuambiwa kila siku ajikaze.

Cha kuangalia ni kama anarudi. Bibi zetu walikuwa na mlango wa kuingilia, *Paukwa! Pakawa!*, na hadithi ikiisha watoto walikwenda kulala wakijua fisi amebaki porini. Mwanao akila, akilala, akicheka na wenzake, mwache asome. Asipofanya hayo, tafuta mtu wa kuzungumza naye, na vitabu bado mwachie. Usiku muulize joka limefika wapi. Labda kwa njia hiyo atakueleza mambo ambayo swali la "unajisikiaje?" halitayatoa.

*Katika riwaya ya Shaaban Robert, nchi ya Kusadikika inaelea angani. Ina uhusiano gani na maisha yetu? Naona ni ndoto tu. (Mwanafunzi, Morogoro)*

Soma tena ukikumbuka mwaka riwaya ilipotoka: 1951. Tanganyika iko chini ya Waingereza, na Shaaban Robert mwenyewe ni karani wa serikali hiyo hiyo. Karani wa mkoloni angeandika waziwazi kwamba watawala wanawafunga watu wema bila haki? Basi akaipandisha nchi nzima mawinguni. Huko, Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja malipo yake yakawa jela.

Sasa niambie, hiyo ndoto ya kumfariji nani? Mimi kila nikiisoma naona ofisi ninazozijua. Nchi inaelea hewani, lakini jela yake ina kuta nzito kabisa.

*Hayo yalikuwa ya ukoloni. Baada ya uhuru, kwa nini mwandishi ajifiche tena? (Msomaji, Mombasa)*

Ungemuuliza mwandishi Katama Mkangi, kama angekuwepo. Mwaka 1986 aliwekwa kizuizini Kenya bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1995 ikatoka riwaya yake, *Walenisi*, ambamo mtu aliyehukumiwa anarushwa angani na kutua katika nchi yenye usawa. Likate jina hilo polepole: wale-ni-sisi. Hapo sioni kujificha. Ukifika mwisho wa safari yote hiyo unajikuta umerudi nyumbani.

*Hadithi za majoka na nchi za kubuni, Waingereza huziita fantasy. Kwa Kiswahili ni nini? (Dodoma)*

Fantasia. Wahakiki wamekwisha kulizoea neno hilo. Wengine husema njozi, ila njozi humjia mtu akiwa amelala, na kazi hii inataka mwandishi aliye macho. Uhalisiamazingaombwe ni kitu kingine: humo ajabu hutokea katikati ya maisha ya kawaida, na wahusika hawashtuki.

*Ninaandika riwaya ya nchi isiyo na njaa, rushwa wala maradhi. Marafiki wanasema inachosha. Wananionea? (Kisumu)*

Hawakuonei. Umeondoa shida zote, sasa wahusika wako waamke asubuhi wafanye nini? Msomaji aliyechoka na bei ya unga hatafuti nchi isiyo na shida. Anataka nchi ambayo shida ina sura, inaweza kufuatwa pangoni ikakatwa kichwa. Watie njaa kidogo, wape na mtu wa kuwaficha chakula, kisha nitumie sura ya pili.