Maswali na majibu: kifaru cha kwanza cha plastiki

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu wanaoanza kujenga modeli za vifaru vya kivita, ambao boksi lao la kwanza bado liko mezani, wengine hawajalifungua kwa woga. Nimeyafupisha kidogo.

Maboksi yameandikwa 1/35, 1/48 na 1/72. Mimi nisiyewahi kujenga chochote nianze na ipi?

Huo ni uwiano. Kwenye 1/35, kila sentimita ya modeli ni sentimita 35 za gari lenyewe. Kifaru cha Sherman cha Marekani kilikuwa na urefu wa mita 5.84, kwa hiyo kwa 1/35 inakuwa karibu sentimita 17, kwa 1/48 kama 12, na kwa 1/72 nane tu, unaifumbata kiganjani. Anza na 1/35. Wengi hudhani modeli ndogo ina kazi ndogo, kumbe baadhi ya vipande vya 1/72 havifikii hata punje ya mchele, na kimoja kikichomoka kwenye kibano, ndiyo kwaheri.

Kwa nini 35 na si 30 au 40? Kampuni ya modeli ya Tamiya ya Japani ilipounda modeli yake ya Panther, kifaru cha Kijerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, bodi ilipangwa itoshe mota na betri. Walipokuja kupiga hesabu baadaye wakakuta imeangukia karibu na 1/35. Betri ndizo zilizotuchagulia kipimo, na wengine wakafuata.

Kifaru gani kinamfaa anayeanza? Mimi moyo wangu uko kwa Tiger ya Wajerumani.

Wa wengi uko huko. Lakini hesabu magurudumu kabla hujalipa. Ya Tiger yamepishana safu juu ya safu, na kila moja linataka kukatwa, kupigwa msasa na kupakwa rangi. Churchill ya Uingereza ina 11 kila upande. T-34 ya Kisovieti ina matano makubwa kila upande na rangi yake ya kawaida ni kijani kitupu, bila mabaka. Hetzer ya Wajerumani ina manne tu na haina hata kichwa cha kuzunguka. Mimi ningekupa T-34. Utaimaliza, na aliyemaliza moja huirudia kazi hii. Aliyeanza na Tiger mara nyingi ana boksi chini ya kitanda lenye magurudumu yaliyopakwa nusu.

Ninunue vifaa gani?

Vichache kuliko muuzaji atakavyokwambia: plaizi ndogo ya kukatia yenye upande mmoja bapa, kisu cha wembe wa kubadilisha, msasa namba 400 na 1000, kibano, na gundi ya plastiki. Vibanio vya nguo na vijiti vya meno unavyo tayari.

Kipande usikinyofoe kwa mkono kutoka kwenye fremu yake, yaani vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande boksini. Kata kwanza mbali kidogo, kisha kata tena karibu, halafu msasa umalizie. Ukikata mara moja kwa karibu, plastiki huchanika na kuacha kishimo au doa jeupe.

Nilitumia supagluu kote, sasa vioo vya lori langu vimeingia ukungu mweupe. Nimekosea wapi?

Ni mvuke wake. Supagluu ikikauka hutoa mvuke unaogandia juu ya plastiki ya karibu, na kwenye kioo haufichiki. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka huwa angavu.

Kwa sehemu nyingine, jua kwamba gundi ya plastiki haifanyi kazi kama gundi nyingine. Huyeyusha ngozi ya vipande viwili, vikachanganyika na kuwa kimoja, kama chuma kilichochomelewa. Ndiyo maana ile nyembamba sana haipakwi kabla. Unavikutanisha vipande vikiwa vikavu, unagusa mshono kwa ncha ya brashi, na gundi inajipenyeza yenyewe. Kidole chako kikae mbali na mshono huo. Modeli yangu ya kwanza ina alama ya dole gumba kwenye bamba la mbele, safi kama ya kitambulisho, na hadi leo wageni huniuliza ni nini. Supagluu ibaki kwa chuma na vipande vya rezini, ambavyo gundi ya plastiki haiwezi kuviyeyusha.

Fungua dirisha, kwa gundi na kwa rangi. Ukipuliza rangi zenye thina kali, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke. Ile ya kitambaa haizuii kitu.

Nipake rangi vipande vikiwa bado kwenye fremu?

Hapana. Sehemu ya kukatia itabaki bila rangi, na gundi haishiki vizuri plastiki iliyokwisha kupakwa. Unga kwanza bodi, kichwa na mtutu, upige msasa mishono hadi isionekane, kisha upake. Magurudumu na minyororo acha pembeni, vipakwe kivyake. Kabla ya rangi osha vyote kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya kiwandani na ya vidole vyako hukataa rangi. Kisha praima, ile rangi ya kwanza inayosaidia nyingine kushika.

Mpira wa magurudumu huwatesa wengi. Chomeka gurudumu kwenye kijiti cha meno, shikilia brashi bila kuitikisa, halafu zungusha gurudumu badala ya mkono. Na usitumie nyeusi tupu. Mpira uliotembea vumbini ni kijivu iliyoiva.

Sina mashine ya kupulizia. Je, brashi ya mkono inatosha? Yangu inaacha michirizi.

Inatosha, ila rangi yako ni nzito. Izimue mpaka iwe kama maziwa, paka tabaka jembamba, kisha ondoka mezani. Tabaka la kwanza litakuchukiza: madoadoa, plastiki inachungulia. Usiliguse! Michirizi mingi hutokana na mtu kurudia pale pale rangi ikiwa imeanza kukauka. Tabaka la pili litatuliza, la tatu litafunika. Brashi iwe laini na pana kadiri sehemu inavyoruhusu, maana kupaka bamba zima kwa brashi ya kuchorea macho ni kujitafutia mistari.

Kopo la kupuliza nalo lafaa kwa kifaru cha rangi moja. Shika kama sentimita 20 kutoka kwenye modeli na anza kupuliza ukiwa nje ya ukingo wake, umalizie nje upande wa pili. Ukienda mbali mno, rangi hufika imeshakauka na ngozi inakuwa ya chengachenga.

Kifaru cha Kijerumani kiwe kijivu au cha njano?

Inategemea mwaka. Agizo la Februari 1943 ndilo lililofanya njano iliyofifia kuwa rangi ya msingi, kahawia na kijani zikapakwa juu yake vitani. Kwa vita vya Ulaya kabla ya hapo, kijivu iliyokolea.

Stika za maji, zile za alama na namba zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, zina mng'ao wa fedha pembeni.

Rangi isiyong'aa ina vinundu visivyoonekana kwa macho, na hewa hubaki chini ya stika. Paka vanishi ya kung'aa kwanza, weka stika, ikikauka funika kwa vanishi isiyong'aa.

Minyororo ya T-34 yangu imening'inia juu ya magurudumu kama daraja. Kwenye picha za vita haiko hivyo.

Umeona vizuri. T-34 haina vigurudumu vya kubeba mnyororo kwa juu, kwa hiyo chuma chote kile hulala juu ya magurudumu makubwa. Ile minyororo laini ya boksini ni myepesi na imejivuta. Gundisha sehemu ya juu kwenye vichwa vya magurudumu kwa matone ya supagluu, sukumia sponji kati ya mnyororo na bodi ibane chini, acha mpaka kesho. Usifanye hivi kwa Sherman. Hiyo vigurudumu vya juu inavyo.

Nataka kionekane kimetoka vitani. Kutu niipake wapi?

Pachache kuliko unavyotaka. Vifaru vingi vya vita havikuishi muda wa kutosha kuoza, na bamba lililokwaruzwa leo huonyesha praima au chuma cheusi, si rangi ya chungwa. Bomba la moshi ndilo la kutu, kwa sababu joto huunguza rangi yake. Minyororo ni kahawia ya vumbi, na sehemu zinazosaga ardhi zing'ae chuma. Pitisha penseli ya risasi.

Kinachokipa kifaru uhai ni kivuli. Chukua rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea, izimue kwa thina yake hadi iwe kama chai, gusa kwa ncha ya brashi kwenye kona na kuzunguka ribiti. Itakimbia yenyewe kwenye mifereji. Chini yake kuwe na rangi ya maji iliyokauka kabisa, la sivyo thina itaipandisha. Baadaye chovya brashi kwenye rangi iliyofifia kidogo kuliko ya msingi, ifute kwenye karatasi mpaka udhani haina kitu, kisha ipitishe juu ya kingo. Halafu sponji iliyochanika, rangi kidogo sana, gusagusa palipokanyagwa na askari: kwenye vifuniko, kwenye ngazi. Ukijikuta unafurahia sana hatua hii, weka sponji chini.

Nimeharibu rangi kabisa. Nitupe?

Rangi nyingi za maji hutoka kwa spiriti na mswaki wa zamani. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu, subiri nusu saa, uone kama plastiki imelainika. Kama iko salama, sugua polepole, osha kwa sabuni, anza tena na praima.