Neno "hivi" liache mlangoni

Kazi yangu ni kuwafundisha waliopoteza uoni shughuli za kila siku, nyumbani kwao. Nyumba ya kwanza niliyokwenda kufundisha ilikuwa Mikindani, Mtwara, hatua chache kutoka barabara ya Lindi. Mama mwenye nyumba alikuwa amepoteza uoni miaka miwili nyuma kwa presha ya macho. Nikampa birika, nikamwambia, "Shika hivi, halafu inamisha hivi, kikombe kipo pale." Akatulia na birika mkononi, kisha akauliza, "Hivi ndiyo vipi, mwanangu? Na pale ni wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya wiki kadhaa. Nilifungwa kitambaa machoni nikamenya vitunguu, nikapanda na kushuka ngazi, nikafua. Pamoja na yote hayo, mdomo wangu ulikuwa bado unafundisha watu wanaoona.

Mama yule enzi zake alikuwa kungwi, na sisi wa kusini tunajua neno hilo lina uzito gani. Akaniambia mwari hafundishwi kwa maneno matupu. Anawekewa kitu mkononi, anarudia, anarudia tena, mpaka kimuingie. "Lete mkono wako," akasema. Akaweka wake juu ya wangu, mimi nikamimina chai, yeye akafuata kila nilipopinda kifundo. Kwenye mafunzo tulikuwa tumeelezwa jambo hilohilo, kwamba mkono wa mwalimu ukae chini na wa mwanafunzi juu, lakini nililielewa siku ile. Ukimshika mtu kwa juu ukamvuta, anakwenda unakotaka wewe. Mkono wako ukiwa chini, yeye ndiye anayechunguza, na akitaka kuutoa wake anautoa bila kushindana na wewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayeanza kazi hii: maneno hivi, pale, kule na hiki yaache mlangoni. Sema "mkono wa kulia, usawa wa kiuno, ukutani". Sema "sufuria yenye mfuniko wa bati". Inachosha siku za mwanzo, nakubali.

Hata vitabu vya kazi hii vinahitaji kupimwa kwa lugha yetu. Vinaelekeza chakula kwenye sahani kisomwe kama uso wa saa: nyama iko saa tatu, mboga saa tisa. Nilipomwambia mzee mmoja wa Lindi, aliyewahi kuvaa saa ya mkono miaka mingi, kwamba samaki yuko saa tatu, akapeleka mkono kushoto. Alikuwa sahihi. Kwetu ikiwa saa tatu, mshale mfupi uko kwenye 9, na 9 iko kushoto. Vitabu vinasoma tarakimu, sisi tunasoma saa. Tangu hapo nasema "upande wa tumboni, upande wa mbali, kulia, kushoto", na hata bibi ambaye hajawahi kuvaa saa tunaelewana.

Kabla ya somo lolote, uliza macho yamepimwa lini na wapi. Usiogope kuonekana mdadisi. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji na mtu akaona tena. Presha ya macho ikishakula uoni, haurudi tena, lakini dawa zinaweza kulinda kilichobaki, kwa hiyo kuacha matone kwa sababu "hayajaniponya" ni hasara kubwa. Nimekuta pia wazee wanaoitwa vipofu ilhali wana uoni hafifu. Huyo usimfundishe kama asiyeona kabisa. Unga mweupe mpimie kwenye bakuli jeusi, kando ya ngazi ya baraza paka rangi ya kung'aa, na mkalishe dirisha likiwa nyuma yake ili mwanga usimpige usoni.

Jikoni anza na kazi ambayo mikono haijaisahau. Mimi huanza na kukuna nazi. Mwanamke wa pwani aliyekalia mbuzi tangu utotoni hahitaji macho kujua nyama ya nazi imefika kwenye kifuu. Anasikia sauti ikibadilika, na vidole vinamwambia. Nimeona uso wa mtu ukirudi uhai kwa nazi moja. Moto uje baadaye, na usiuharakishe. Jiko la mkaa lisogezwe ukutani, mahali ambapo hakuna mtoto anayepita nyuma yake. Khanga ifungwe kibwebwe, ncha zisining'inie. Sufuria ikiwa bado baridi ajifunze kuiweka katikati ya jiko au mafiga, aiguse pande zote, aitoe, airudishe, mara kumi kama ni kumi. Moto ukishawaka, mgongo wa mkono ndio unaotangulia kupima joto, ukiwa mbali kidogo.

Na korosho. Msimu ukifika kila nyumba ina kazi, na si haki kumweka mtu kando. Lakini mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na ncha za vidole ndizo macho yake sasa. Wakati wa kubangua, majivu au mafuta mikononi yasikosekane kwake hata siku moja. Vidole vikichubuka, atashindwa hata kutambua pesa.

Pesa ndiyo somo ninalolipenda zaidi, maana linarudisha heshima haraka. Noti zetu hurefuka thamani inavyopanda, ila tofauti ni ndogo, hivyo azifundishwe zikiwa zimepangwa pamoja, na kila mtu achague mikunjo yake. Mwanafunzi wangu mmoja haikunji ya 1,000, ya 2,000 anaikunja mara moja, ya 5,000 mara mbili, na ya 10,000 inakaa mfuko mwingine kabisa. Chenji anaikunja palepale dukani, mwenye duka akiwa anamtajia. Kwenye simu ya vitufe, kitufe cha 5 kina kinundu, na kutoka hapo namba zote zinapatikana. Namba ya siri aibonyeze mwenyewe. Nimekutana na mkulima aliyempa mpwa wake namba ya siri kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kujifunza, na fedha za msimu mzima zilikwisha kabla hajazigusa. Mwenye simu janja awashe programu ya kusoma skrini kwa sauti na avae spika za masikioni, salio lake lisisikike kibarazani.

Familia nayo iketi darasani. Mkwe aliyemzoea mama kwa upendo, anayempokonya kisu kila akikishika, anahitaji masomo kuliko mama mwenyewe. Ndoo ikitolewa kwenye korido irudishwe pake, mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa, usiachwe nusu. Mjukuu anayeshinda akimwongoza babu kwa kijiti anakosa shule. Fimbo nyeupe ikipatikana na babu akaizoea, watoto wanarudi darasani. Kwenye mchanga wetu ncha nyembamba huzama, kwa hiyo tafuta yenye ncha nene, na afundishwe kufuata majani ya kando ya njia.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini liliniuma. Ukifika, piga hodi na utaje jina lako, usimwambie mtu "nibashirie mimi nani". Ukiondoka, aga. Siku moja nilitoka kibarazani kimyakimya kupokea simu, nikarudi nikamkuta mzee bado ananisimulia habari za shamba lake, akiwa ameelekea kiti changu. Sasa hata nikienda kunawa mikono nasema, "Mzee, natoka, narudi sasa hivi." Nikirudi nasema nimerudi.