Kidato cha kwanza, andikeni mlichokiona

Karibuni sekondari, wadogo zangu. Mimi ni mtunza maabara katika shule moja hapa Kigoma. Kazi yangu ni kuandaa vifaa, kuchanganya kemikali na kusimama pembeni mkifanya prakitikali. Ukisimama pembeni unaona mengi kuliko mwalimu aliye ubaoni, ndiyo maana naandika haya.

Zoezi la kuchemsha maji huwa linanichekesha. Maji yanatokota, kipimajoto kinapanda mpaka nyuzi 97 hivi, kinagoma hapo. Kundi zima linakiangalia. Ukikusanya madaftari, karibu wote wameandika 100! Wamekiamini kitabu, macho yao wakayaacha. Kitabu hakijakosea, ila hiyo 100 ni ya usawa wa bahari, kule Tanga au Dar es Salaam. Ziwa letu lenyewe liko kama mita 770 juu ya bahari, na shule nyingi zimekaa mlimani juu ya ziwa. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua, na maji yanachemka mapema. Mwanafunzi aliyeandika 97 ana swali la kumuuliza mwalimu. Aliyeandika 100 hana cha kuuliza, na mwalimu naye hana cha kumsahihisha.

Kwa hiyo daftari la prakitikali liandikwe palepale mezani, kwa kalamu. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika pembeni. Mambo ya kuandika kwenye kikaratasi ili "ukanakili vizuri bwenini" ndiyo yanayozaa majibu ya kitabu.

Kazi za nyumbani nazo zina ugonjwa huohuo. Kuna wanaodesa asubuhi kabla ya mstarini, daftari moja linazunguka watu kumi, na kosa la wa kwanza linaonekana kwa wote kumi. Fanya kazi siku ileile uliyofundishwa, jua likiwapo, maana umeme wa jioni haukuahidi kitu. Najua Kiingereza kinawabana. Mmetoka shule ya msingi mlikosoma sayansi kwa Kiswahili. Mimi nashauri hivi, ingawa walimu wengine hawatanipenda: jieleze kwanza kwa Kiswahili mpaka uelewe, kisha ndipo uandike jibu kwa Kiingereza. Ukiulizwa kuhusu maji kugeuka mvuke, anza na dagaa walioanikwa mwaloni. Kwa nini siku ya jua na upepo wanakauka upesi, na siku ya mawingu wanasumbua? Ukiweza kumweleza hilo mdogo wako, jibu unalo, limebaki la lugha tu.

Turudi maabara. Kandambili hapana, nywele ndefu zifungwe, chakula kibaki nje. Hayo mtayasikia mpaka mchoke. Mimi nataka niwakalishe kwenye spiriti, kwa sababu hapo ndipo ninapokosa amani.

Mtapima wanga kwenye jani. Jani linachemshwa kwanza kwenye maji, halafu linatiwa kwenye spiriti ili litoe rangi ya kijani. Spiriti inachemka chini ya nyuzi 80, na mvuke wake unadaka moto kirahisi. Ule moto, mchana wenye mwanga, unaweza usiuone kabisa. Utashtukia joto mkononi. Basi haipashwi juu ya moto hata siku moja. Chemsha maji kwenye bika, zima jiko, hakikisha limezimika, ndipo utumbukize testityubu yenye spiriti na jani ndani ya yale maji ya moto. Yanatosha kabisa. Jiko la mchina likiwa bado linawaka meza ya jirani, chupa ya spiriti isifunguliwe.

Jani likishapauka, lichovye kwenye maji ya moto lilainike, litandaze, dondoshea ayodini. Likigeuka bluu inayoelekea weusi, wanga upo. Likibaki na ile kahawia ya ayodini, andika kahawia. Pengine jani lilichumwa alfajiri, na mmea ulishatumia au kuhamisha wanga wake usiku. Nyie chumeni matembele mchana, yakiwa yameshapigwa jua.

Asidi kali mtakutana nayo baadaye, lakini mlijue mapema: asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, polepole huku ukikoroga. Ukigeuza, joto linalotoka linaweza kuyachemsha maji papo hapo, na asidi ikakurukia usoni. Ikiingia jichoni, usifikiche na usimtafute mwalimu kwanza. Piga kelele huku unanawa, na uendelee kumwagia maji safi kwa dakika 15 au zaidi wakati wengine wanakutafutia gari la hospitali. Shule isiyo na bomba iwe na ndoo mbili za maji zilizojaa kabla ya kipindi kuanza. Zikiwa tupu, semeni. Kuungua na moto ni maji ya kawaida dakika 20, siyo dawa ya meno wala mawese.

Mwisho wa kipindi, kemikali iliyobaki kwenye bika hairudishwi kwenye chupa yake hata kama inaonekana safi, maana ukiichafua chupa, kidato cha nne watapata majibu ya ajabu na lawama zitanijia mimi. Na ukikuta chupa haina lebo, usiinuse. Niite.