Jibu: Wanyama wapya wametangazwa, mbona hawaonekani?

Habari ndugu. Umesema bustani ya wanyama ya mjini kwenu imetangaza wanyama wapya, ukawapeleka watoto, mkakuta banda limefungwa. Pole, watoto huumia sana.

Kwanza angalia kama tangazo linataja siku ya kuwasili au siku ya kuonyeshwa kwa watu. Ni vitu viwili. Hapa Washington, Marekani, panda (dubu weusi kwa weupe wa China) Bao Li na Qing Bao walifika tarehe 15 Oktoba 2024, tukaruhusiwa kuwaona 24 Januari 2025. Mnyama mgeni hukaa karantini, yaani hutengwa na wengine, mara nyingi siku 30 au zaidi, apimwe magonjwa, kisha azoee banda na walezi wake. Mimi naona ni haki yake.

Kama ni mtoto aliyezaliwa, vuta subira zaidi. Panda huzaliwa na gramu 100 hivi, haoni, na mama akisumbuliwa anaweza kumtelekeza. Panda mtoto Xiao Qi Ji alizaliwa hapa Agosti 2020, akaonyeshwa Mei 2021.

Kabla ya kukata tiketi, piga simu uulize mnyama huyo kwa jina: yuko nje leo, na saa ngapi? Mimi huwapeleka wanangu asubuhi mapema, maana mchana wanyama wengi hulala.