Maswali ya Wasomaji: Nchi Ipi ya Kusoma, Kufanya Kazi na Kuhamia?

SWALI: Mimi ni mhandisi wa mitambo mwenye umri wa miaka 28. Nina shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi, na nina mke na mtoto mmoja. Nakusudia kusoma shahada ya uzamili ng'ambo, kisha nifanye kazi huko na hatimaye familia yetu ihamie kabisa. Nimejaribu kulinganisha Ujerumani, Canada, Uingereza na Marekani, lakini kila ninayemuuliza huzungumzia ada ya chuo tu. Ungenishauri niipe kipaumbele nchi ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, ada ni jambo zito, lakini kwa mtu mwenye lengo kama lako haipaswi kuwa swali la kwanza. Unachokitafuta si elimu pekee bali vibali vitatu vinavyofuatana: cha kusoma, cha kubaki baada ya kuhitimu ili utafute kazi, na cha kuishi kwa kudumu. Kwa kuwa kibali cha kwanza ndicho chepesi kuliko vyote, watu wengi hulinganisha nchi kwa hicho tu, wakaja kugundua baada ya miaka kadhaa kwamba cha tatu hakipatikani. Anzia mwisho: angalia kwanza ni nchi gani inayompa mhitimu njia iliyo wazi ya kupata ukaazi wa kudumu, kisha urudi nyuma hadi kwenye ada.

Kwa kipimo hicho, Ujerumani ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Aliyehitimu chuo cha huko hupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na katika kipindi hicho anaruhusiwa kufanya kazi yoyote ili ajikimu. Akipata kazi ya taaluma yake, akaifanya kwa miaka miwili huku akichangia mfuko wa pensheni, na Kijerumani chake kikawa kimefika kiwango cha B1, yaani cha kati, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Sheria iliyoanza kutumika Juni 2024 ilipunguza pia muda wa kuishi nchini kabla ya kuomba uraia kutoka miaka 8 hadi 5, tena bila kumlazimisha mwombaji kuukana uraia wake wa awali, ingawa utapaswa kujua sheria ya nchi yako inasemaje kuhusu uraia pacha.

Vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, lakini usichukulie kwamba vyote viko hivyo. Jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na chuo cha Technische Universität München kilianza nacho kuwatoza kuanzia muhula wa baridi wa 2024/25. Gharama inayowashtua waombaji ni nyingine: kuonyesha kwamba una fedha za kujikimu. Njia ya kawaida ni kuweka euro 11,904 katika akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto kabla ya kupewa viza, na baada ya kufika hutoi zaidi ya euro 992 kwa mwezi. Fedha hizo ni zako na utazitumia mwenyewe, lakini ni lazima ziwepo zote siku ya kuomba. Hesabu hiyo ni ya mtu mmoja. Mke na mtoto wakiambatana nawe, ofisi itataka kuona fedha za ziada na bima ya afya ya kila mmoja, na mara nyingi mke hudaiwa cheti cha Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa.

Canada ni habari tofauti, na hapo ndipo umri wako unapoingia kwenye hesabu. Wanaoomba ukaazi wa kudumu kupitia mfumo wa Express Entry hushindanishwa kwa alama za umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi. Alama za umri huwa kamili kati ya miaka 20 na 29, kisha hupungua kila mwaka. Ukianza masomo mwakani, ukasoma miaka miwili na kufanya kazi mwaka mmoja ili upate alama za uzoefu wa ndani ya Canada, utaingia kwenye mashindano ukiwa umevuka miaka 30. Hilo halikuondoi, lakini linakutaka ufidie pengo kwa alama za juu za Kiingereza, au kwa Kifaransa, kwa sababu serikali ya huko huwateua wanaojua Kifaransa katika kundi lao maalumu, ambalo mara nyingi limekubali alama za chini zaidi.

Kuna jambo moja la Canada ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Mhitimu wa uzamili anaweza kupata kibali cha kazi cha miaka mitatu hata kama programu yake ilikuwa fupi kuliko miaka miwili, hivyo wengi huchagua programu ya mwaka mmoja ili kuokoa ada. Lakini tangu Januari 2025, mwenzi wa mwanafunzi wa uzamili hupewa kibali cha kufanya kazi popote ikiwa tu programu hiyo ni ya miezi 16 au zaidi. Kwa familia yenu, programu fupi inaweza kuwa ghali kuliko ndefu, kwa kuwa mkeo atakaa bila kipato kipindi chote cha masomo. Kiwango cha fedha za kujikimu kwa mwombaji mmoja kilipandishwa Septemba 2025 hadi dola 22,895 za Canada, mbali na ada na nauli, na huongezeka kwa kila mwanafamilia.

Uingereza ningeiondoa kwenye orodha yako. Tangu Januari 2024, wanafunzi wa uzamili wa kawaida, yaani usio wa utafiti, hawaruhusiwi kuambatana na wenzi wala watoto, na muda wa kubaki baada ya kuhitimu, ambao umekuwa miaka miwili, utashuka hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027.

Marekani ina vyuo bora vya uhandisi, na mhitimu wa fani yako anaweza kufanya kazi hadi miezi 36 kwa kuunganisha mwaka mmoja wa kawaida na miezi 24 ya nyongeza kwa fani za sayansi na teknolojia. Tatizo ni kinachofuata. Viza ya kazi ya H-1B ina nafasi 85,000 kwa mwaka, waombaji huwa wengi kuliko nafasi, na washindi hupatikana kwa uteuzi wa bahati ambao tangu 2026 huwapendelea wenye mishahara ya juu. Isitoshe, mwenzi wa mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi. Siwezi kumshauri mwenye mtoto mdogo aweke mustakabali wa familia kwenye uteuzi wa namna hiyo.

Kwa hiyo, ikiwa uko tayari kukaa na Kijerumani kwa mwaka mzima kabla ya kuondoka, iweke Ujerumani mbele, hata kama programu utakayoichagua inafundishwa kwa Kiingereza, maana viwanda vya mitambo vya huko huzungumza Kijerumani. Ikiwa hauko tayari, chagua Canada, kwa programu ya miezi 16 au zaidi.

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye stashahada na usajili kamili. Rafiki zangu wananihimiza niende ng'ambo kwa viza ya masomo kwa sababu ni rahisi. Je, nianze kusoma upya?

JIBU: Dada msomaji, taaluma uliyo nayo tayari ni hoja ya kuombea kibali cha kazi, na sioni sababu ya kuanza kwa kulipa ada kabla hujapimwa kwa cheti chako. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza hukagua elimu na lugha ya muuguzi wa kigeni, kisha humtahini mara mbili, kwanza kwa kompyuta na halafu kwa vitendo. Ujerumani hulinganisha mtaala uliousoma na wa kwao. Ikiona upungufu, huelekeza ufanye mafunzo ya kuziba pengo au mtihani, na Kijerumani hudaiwa kwa kiwango cha B2, yaani cha kati cha juu. Njia zote mbili zinachosha, lakini mwisho wake ni ajira ya kiwango chako.

Fahamu pia kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2023 orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Uingereza hairuhusu mawakala kwenda kuajiri katika nchi zilizomo humo, lakini muuguzi anayeomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri hazuiwi.

SWALI: Wakala ameniahidi ukaazi wa kudumu wa Canada nikimlipa nusu ya fedha sasa. Nimwamini?

JIBU: Hapana. Uamuzi huo hutolewa na ofisa wa serikali pekee. Nchini Canada, anayelipwa kwa ushauri wa uhamiaji ni lazima awe mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa, na majina ya waliosajiliwa hupatikana bure kwenye mtandao. Mwaka 2023 ilibainika kwamba wanafunzi kadhaa kutoka India walikuwa wameingia huko kwa barua bandia za kudahiliwa walizopewa na wakala, na baadhi yao wakakabiliwa na hatari ya kufukuzwa nchini. Tangu Desemba mwaka huo, kila barua huhakikiwa na chuo chenyewe. Maombi yakiwa na uongo, anayefungiwa kwa miaka mitano ni mwombaji, si wakala. Ukiamua kutumia msaada wa mtu yeyote, fungua akaunti ya maombi kwa barua pepe yako mwenyewe, na usitie sahihi fomu ambayo hujaisoma hadi mwisho.