Karatasi Niliyomficha Wakili Wangu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Wete aliniandikia ujumbe mfupi akisema kwamba Jumatatu ana miadi na wakili kuhusu shamba la marehemu baba yake, kwamba hajawahi kukanyaga ofisi ya wakili tangu azaliwe, na kwamba angependa kujua avae nini na aseme nini. La kuvaa sina ushauri nalo. La kusema ninalo, na la kubeba ninalo pia, kwa sababu ujinga wangu niliulipia kwa miaka minne na kwa fedha ambazo mwalimu wa skuli hazipati kwa urahisi, na ni mwezi uliopita tu jambo lenyewe lilipokwisha.

Shamba letu liko upande wa Mtambile, kusini mwa Pemba, na mikarafuu yake aliiotesha babu kwa mikono yake. Babu alipofariki, baba aliendelea kupalilia na ami akaendelea kuchuma, wala hakuna aliyekwenda kwa Kadhi kugawa mirathi, kwani nani angethubutu kulitamka jambo hilo bibi angali hai? Bibi alifariki mwaka 2011, bado tukanyamaza. Baba akafuata mwaka 2014, na hapo ami akaanza kusema kwamba shamba ni lake peke yake. Mwaka 2019 nilikwenda siku moja baada ya sala ya Ijumaa, nikamkuta mtu nisiyemjua akipiga vigingi upande wa barabarani.

Hasira ndiyo iliyonichagulia wakili wa kwanza. Rafiki yangu mfanyabiashara alinisifia wakili mmoja wa Dar es Salaam, hodari wa mikataba ya makampuni, nami nikapanda boti Mkoani nikijiona mtu mkubwa kwa kuwa wakili wangu ana ofisi ya ghorofani yenye kiyoyozi. Sikujiuliza swali ambalo hata mwanafunzi wangu wa darasa la saba angeliuliza: mtu huyu anaijua sheria ya wapi? Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992, inayosema kwamba ardhi yote ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, ina Mahakama ya Ardhi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ina Mahakama za Kadhi zinazosikiliza mirathi ya Waislamu. Wakili wa Bara hasimami katika mahakama zetu kwa sababu tu anasimama katika za kwao. Basi bwana yule alimkabidhi shauri langu kijana mmoja aliyekuwa akija kutoka Unguja kila linapotajwa, na nauli, chakula na malazi ya kijana vikawa juu yangu, hata siku ambazo shauri liliahirishwa baada ya dakika tatu.

Lakini kosa kubwa halikuwa lake. Katika kikao chetu cha kwanza nilizungumza saa nzima, na sehemu kubwa ya saa hiyo nilikuwa nikimsimulia tabia za ami, mpaka nikafika kwenye nazi alizoninyima wakati wa harusi yangu. Sikuwa na karatasi hata moja, ila picha ya vigingi kwenye simu. Na lipo jambo moja nililolijua vizuri na nikalimeza. Mwaka 2016 ami alinijia na shilingi laki sita, akasema ni mgao wangu wa mchumo, akanipeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa wetu, nikatia saini karatasi ambayo sikuisoma hadi mwisho. Mke wangu alikuwa karibu kujifungua na fedha nilizihitaji. Niliona aibu kumwambia wakili kwamba mwalimu mzima ametia saini asichokisoma, nikajipa moyo kwamba karatasi ile huenda imeshapotea.

Haikupotea. Siku shauri lilipotajwa kwa mara ya tatu, wakili wa upande wa pili aliitoa katika faili lake, ikapita mkono kwa mkono hadi kwa kijana wangu, naye akaisoma amesimama, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, saini hii ni yako?" Niliiangalia kana kwamba naihakiki. Ilikuwa yangu, pamoja na ule mkia wa herufi ya mwisho ambao wanafunzi wangu huuigiza wakidhani sioni. Baadaye likaja pingamizi la awali kwamba mirathi ya babu haijagawiwa, kwa hiyo suala la nani mrithi na kwa kiasi gani lilipaswa kuanzia kwa Kadhi, na shauri likaondolewa. Fedha za uwakili hazikurudi, kwani hatukuwa na maandishi ya makubaliano, na nilipopiga simu kuuliza niliambiwa bwana yumo kikaoni. Yumo kikaoni mpaka leo.

Wakili wa pili sikumtafuta kwa sifa za rafiki. Mashauri mengi husikilizwa mahakamani mbele ya watu, basi nilikwenda Chake Chake asubuhi mbili, nikakaa nyuma na kuangalia nani anakuja na mafaili yaliyopangwa, nani anajibu hakimu bila ya kubabaika, na nani anaomba ahirisho kila anapoinuka. Msaidizi wa sheria wa shehia yetu alinitajia majina matatu, na moja lilikuwa la mama mmoja niliyekwisha kumwona mle ndani akifanya kazi. Ambaye hana uwezo wa kulipa kabisa asikate tamaa, kwani Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina ofisi yake Pemba pia, na wasaidizi wa sheria wamo katika shehia.

Ofisi ya mama yule ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na kiyoyozi chake kilikuwa dirisha. Nilipoanza habari za ami alinyanyua mkono, akachukua jani la kalenda ya mwaka uliopita, akaligeuza na kuuliza, "Babu aliacha nani?" Mke mmoja, nikasema, watoto wanaume wawili na wanawake watatu. Akachora vijistari. Mke ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Thumuni saba zilizobaki ni za watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja: wanaume wawili mafungu manne, wanawake watatu mafungu matatu, jumla saba, kila fungu thumuni moja. Akaweka kalamu juu ya jina la baba. Thumuni mbili, yaani robo ya shamba, na hata ikiongezwa sehemu aliyoirithi kwa bibi haifiki thuluthi.

"Na wewe ulikuwa ukidai ngapi?"

Nilikuwa nikidai shamba zima. Kwa muda wote ule nilijiona mdhulumiwa, na shangazi zangu watatu, ambao mmoja wao ndiye aliyenilea nilipokuwa nikisoma skuli Chake, sikuwataja hata mara moja mbele ya wakili wala mbele ya mahakama. Alichonifanyia ami ndicho nilichowafanyia wao, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na wakili wa ghorofani.

Ndipo nikamweleza na habari ya karatasi ya sheha. Aliisoma mara mbili, akasema kwamba maneno "sina dai jengine" yanaweza kunibana mimi, lakini hayawezi kuwabana shangazi ambao hawakutia saini. Karatasi niliyoiogopa kwa miaka mitatu ilimchukua dakika tano. Kisha akaniagiza nikapekue kasha la baba, na ndani ya mkoba wa ukili nikazikuta stakabadhi za karafuu alizouza ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, mwaka baada ya mwaka, zote kwa jina lake. Kwa kuwa karafuu zetu kisheria huuzwa kwa shirika hilo peke yake, stakabadhi zile zilionyesha nani alikuwa akichuma na msimu gani, jambo ambalo ami alikuwa akilikana kwa kiapo.

Miezi iliyofuata siielezi, ilikuwa ya kungoja tu. Tulianza kwa Kadhi, shangazi wakaingia, na mwisho tukafikia suluhu. Yule mpiga vigingi, aliyeuziwa na ami, alirudishiwa fedha zake na kila mtu anajua fungu lake. Ami hajanisalimia hadi leo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kwenda kwa wakili kama mtu anayekwenda kumshitakia jirani yake. Pangeni karatasi zenu kwa tarehe, vyeti vya vifo kwanza, kisha barua za sheha, stakabadhi, na chochote chenye saini, hasa saini yenu wenyewe. Andikeni ukurasa mmoja wa nini kilitokea na lini, bila ya matusi. Muulizeni wakili ameendesha mashauri mangapi ya aina yenu katika mahakama hiyo hiyo, na kama leseni yake ni hai. Ada iandikwe: inahusu kazi gani, nauli ni ya nani, rufaa imo au haimo, na kila malipo yawe na risiti. Na lile mnaloliona aibu lisemeni. Nimekwisha kulisema na nitalirudia: lisemeni, kwa sababu upande wa pili wanalo.

Yule msomaji wa Wete nilimjibu hayo hayo kwa ufupi. Akaniandikia tena usiku, akauliza kama kuna ulazima wa kumtajia wakili fedha kidogo alizopokea kwa kaka yake mwaka jana, kwa kuwa hazikuwa nyingi na hapakuwa na shahidi. Nilimwambia aanze na hizo, kabla hata ya kutaja shamba liko wapi. Ujumbe ameusoma lakini hajajibu, na Jumatatu ni keshokutwa.