Ukuta umeota kijani, rangi inabanduka

SWALI: Nyumba yetu ya plasta iko Lurambi, Kakamega. Ukuta wa nyuma, kando ya migomba, umeota kijani chini na weusi juu. Tulimwita kijana wa mashine ya kuoshea magari. Ukang'aa, lakini rangi ikabanduka, na mvua zilipokolea weusi ukarudi. Tufanyeje? – Mama, Lurambi

JIBU: Mama, msirudie mashine. Huo ukijani ni mwani na weusi ni kuvu, vyote vina uhai. Maji ya kasi huvikata juu tu, nyuzi za kuvu zikabaki ndani ya vitundu vya plasta. Maji hayo pia hupenya nyuma ya rangi na kuiinua. Kwanza viueni, kisha msuuze taratibu.

Chukueni pampu ya mgongoni ya lita 16 yenye ncha ya plastiki, isiyowahi kutiwa dawa ya magugu wala mbolea ya majani. Tieni lita 9 za maji, lita 3 za Jik ya asilimia 3.5, na vijiko viwili vya sabuni ya maji. Sabuni ndiyo inayoifanya dawa ishike ukutani badala ya kuteremka. Ikizidi, mtasuuza hadi jioni. Msichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya klorini, nayo huumiza mapafu. Vaeni glavu na miwani.

Jaribuni kwanza mahali pa kificho, kwa sababu rangi nzito huweza kupauka. Mwagieni migomba na maua maji mengi kabla na baada. Pulizeni ukuta ukiwa kivulini, kutoka chini kwenda juu. Mkianzia juu, michirizi hubaki. Ngojeni dakika 10 hadi 15. Mtaona kijani kikigeuka kahawia na weusi ukififia. Dawa isikaukie ukutani: ikikauka haiui tena, na huacha chumvi nyeupe. Suuzeni kwa mpira wa bustani, kutoka juu kwenda chini. Palipobaki weusi, rudieni dawa, msisugue kwa nguvu.

Wekundu wa udongo uliorukia chini ya ukuta hautoki kwa Jik. Huo ni wa sabuni na brashi laini. Na migomba hiyo isogezwe mbali. Ukuta usiopata jua wala upepo utaota tena hata mkiuosha vipi.

SWALI: Paa letu ni la vigae vya mabati vyenye changarawe, na maji yake tunakunywa. Dawa hiyo ya Jik inafaa kuliosha? – Msomaji, Mamboleo, Kisumu

JIBU: Inafaa, ila chomoa kwanza bomba la gata linaloingia kwenye tangi, na usilirudishe mpaka mvua moja kubwa ipite. Mashine usiiguse: changarawe zitang'oka, uzikute zimejaa kwenye gata. Paa la mabati matupu lioshe kwa sabuni tu, maana klorini iliyo ndani ya Jik hula zinki inayolinda bati.